Mtambo wa simu kwa ofisi ndogo Nyanda za Juu Kusini: upi uanze nao, upi uuache dukani

Muuzaji wa Kariakoo akipigiwa kutoka Mbeya huuliza jambo moja: unataka mtambo (kifaa kinachounganisha simu za ofisini na laini za nje) wa ekstensheni, yaani simu za ndani, ngapi? Mwenye ofisi ya Kabwe (Mbeya) au Miyomboni (Iringa) aanzie kwingine. Ukutani kuna waya gani? Laini za nje zitatoka wapi? Umeme ukikatika saa nne asubuhi, simu ya mapokezi itaendelea kuita? Majibu hayo ndiyo yaliyopanga orodha hii, na ni kwa ofisi ya meza nne hadi kumi na mbili: wakala wa pembejeo Uyole, SACCOS ya Njombe, ofisi ya mbao Mafinga, wakala wa forodha Tunduma.

Hesabu kwanza. Laini moja ya nje kwa watu watatu au wanne inatosha ofisi ya kawaida. Watu wanane, laini mbili. Ofisi inayopokea oda kwa simu kutwa nzima iweke tatu. Kwa ekstensheni, hesabu meza zilizopo, ongeza robo, na usisahau mlinzi wa getini na stoo.

Kama jengo bado lina waya wa shaba wa TTCL wenye namba ya 025 upande wa Mbeya, au 026 upande wa Iringa na Njombe, itunze namba hiyo. Wateja wa zamani wanayo kwenye risiti. Ofisi nyingi mpya hazina waya huo, kwa hiyo laini ya nje ni laini ya simu ya mkononi iliyosajiliwa kwa jina la kampuni. Isajiliwe hivyo kweli. Laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole za karani huondoka na karani. Piga *106# uone jina linalotokea kabla ya kuichapisha namba kwenye bango.

Nafasi ya kwanza: mtambo mdogo wa IP

Huu, unaopitisha sauti kwenye waya wa mtandao wa kompyuta, tunauweka juu kwa ofisi yoyote ambayo tayari ina waya wa mtandao kila meza, au inayojenga sasa na itapitisha waya huo kwa ajili ya kompyuta. Simu na kompyuta hutumia waya mmoja: waya unaingia kwenye simu, kisha kompyuta inachomekwa mgongoni mwa simu. Unaokoa nusu ya nyaya na nusu ya kazi ya fundi.

Mitambo inayofaa ukubwa huu ni kama Grandstream UCM6301 (tundu moja la laini ya nje na moja la simu ya kawaida), UCM6302 (mawili na mawili), au Yeastar S20, ambayo hubeba watumiaji 20 na mazungumzo 10 kwa wakati mmoja. Uzuri wa Yeastar S20 kwa mazingira yetu ni kwamba inapokea moduli ya laini ya mkononi ndani yake, hivyo unapunguza kifaa kimoja cha kuharibika.

Angalia bei kwa jicho hili: sanduku si ndilo linalomaliza fedha. Simu za mezani kumi pamoja na swichi ya mtandao yenye PoE (inayopeleka umeme kwenye simu kwa waya uleule wa mtandao) huzidi bei ya mtambo wenyewe. Ukipewa bei nzuri ya mtambo peke yake, bado hujapewa bei. Swichi ya PoE nayo usiichague kwa idadi ya matundu tu, soma jumla ya wati zake. Simu ya kawaida hula wati 2 hadi 5, kwa hiyo simu nane hazizidi wati 40. Swichi ya matundu manane yenye wati 60 inatosha na inaacha nafasi ya kamera moja au mbili.

Matatizo yake makubwa mawili yote hutokana na ruta. La kwanza ni kusikika upande mmoja tu, hasa kwa simu iliyo nje ya ofisi: ingia kwenye ruta uzime SIP ALG, kipengele kinachovuruga simu za IP. La pili ni wizi. Fundi akifungua bandari 5060 (mlango wa simu za IP kwenye ruta) kwenda nje ili bosi apige akiwa safarini, na ekstensheni 101 ina nywila 101, ndani ya siku chache kutakuwa na simu za kwenda nchi ambazo hujawahi kuzisikia, na salio limekwisha. Bosi aunganishwe kwa VPN (njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi), nywila ziwe ndefu, na simu za kimataifa zifungwe kwa kila ekstensheni isiyozihitaji.

Nafasi ya pili: mtambo wa analogi

Jengo la zamani lenye waya wa simu wa jozi mbili kila chumba lisibomolewe kuta kwa ajili ya IP. Nyumba ya wageni Tukuyu, shule, zahanati: hapa analogi, yaani simu za kawaida za waya wa simu, bado inashinda. Waya wa simu wa milimita 0.5 hupeleka sauti zaidi ya nusu kilomita bila shida, wakati waya wa mtandao unaishia mita 100. Simu za kawaida za mezani ni rahisi, na karibu kila fundi wa mjini anazijua.

Panasonic KX-TES824 ndiyo utakayoikuta ofisi nyingi: laini 3 za nje na ekstensheni 8, ikipanuliwa kwa kadi inafika 8 na 24. Ila jua jambo moja kabla ya kulipa. Panasonic ilitangaza mwishoni mwa 2022 kwamba inaachana na biashara ya mitambo ya simu. Unachonunua leo ni akiba ya dukani au kilichotumika, na kadi za kupanua zitazidi kuadimika. Kwa hiyo nunua kadi unazozihitaji siku hiyohiyo, ikiwemo ya kuonyesha namba ya mpigaji, ambayo haimo ndani ya mtambo. Nunua pia simu moja ya Panasonic yenye skrini, kama KX-T7730. Bila hiyo fundi hana pa kuprogramia isipokuwa kwa kompyuta. Simu hiyo huchomekwa tundu la ekstensheni la kwanza, tena kwa nyaya nne. Ukiiunganisha kwa mbili kama simu ya kawaida, skrini haiwaki na utadhani imekufa. Kuingia kwenye programu unabonyeza PROGRAM, kisha nyota, reli, halafu 1234. Hiyo 1234 ibadilishwe kupitia programu 002, maana kila fundi nchini anaijua.

Vile visanduku vya Kichina visivyo na jina kubwa, vinavyouzwa kama «308» (laini 3, ekstensheni 8), vinafaa nyumba ya wageni inayohitaji mapokezi kuongea na vyumba. Kwa ofisi inayotegemea wateja wa nje, hapana. Mara nyingi havitambui kwamba mpigaji amekata, na laini inabaki imeshikwa hadi mtu azime umeme.

Nafasi ya tatu: simu ya mezani ya laini, bila mtambo

Ofisi ya watu watatu haihitaji mtambo. Nunua simu mbili za mezani zinazoingia laini ya mkononi, moja mapokezi na moja kwa meneja, na uelekeze simu. Kwenye simu ya mapokezi piga **61*namba ya meneja# ili isipopokelewa iende kwake, na **67*namba# ili ikiwa inatumika iende kwake. Kufuta yote ni ##002#. Gharama ya kipande kinachoelekezwa hulipwa na laini ya mapokezi, kwa hiyo iwe na kifurushi. Ukinunua, piga *#06# upate IMEI (namba ya utambulisho ya simu), uitume kwa ujumbe kwenda 15090 uhakikishe si bandia. TCRA (mamlaka ya mawasiliano) ilizima simu bandia Juni 2016. Hakikisha pia haijafungwa kwa mtandao mmoja. Kinachokosekana hapa ni kuhamisha simu kutoka meza hadi meza, na hilo likianza kukukera ujue ofisi imekua.

Nafasi ya nne: mtambo ulio mtandaoni

Huduma ya kulipia kila mwezi, simu zikiwa programu kwenye simu janja. Kila mazungumzo hula takribani kilobiti 87 kwa sekunde kila upande kwa G.711 (mfumo wa kawaida wa kubeba sauti), hivyo kasi si tatizo. Tatizo ni intaneti inayoyumba: mvua ikichachamaa, sauti inakatikakatika na mteja anakata. Ofisi yenye faiba ya kuaminika na laini ya akiba inaweza kuufikiria. Nyingine zisubiri.

Getiwei: kifaa kidogo kinachoharibu kazi nzuri

Kifaa kinachogeuza laini ya mkononi kuwa laini ya mezani, mafundi hukiita getiwei, ndipo malalamiko mengi huanzia. Usichukue ya 2G pekee. Chukua inayoshika 2G, 3G na 4G, na kama ni ya 4G uliza kama inapiga simu kwenye 4G yenyewe au inarudi chini.

Antena iwe mbali. Ikikaa karibu na mtambo wa analogi utasikia ule mlio wa trr-trr-trr ndani ya mazungumzo, kwa sababu mawimbi ya 2G huwaka na kuzima mara 217 kwa sekunde na nyaya za simu huyadaka. Mita mbili zinatosha. Lakini usirefushe waya wa antena ovyo: waya mwembamba wa RG58 hupoteza karibu nusu desibeli kila mita kwenye 900 MHz. Ni afadhali kusogeza getiwei dirishani na kuvuta waya wa simu mrefu kuliko kuvuta waya wa antena. Kwenye nyumba za tofali za kuchoma zenye bati, dirisha linaloelekea mnara hubadilisha kila kitu. Soma kiwango cha mawimbi: -85 dBm au bora zaidi ni pazuri, ikishuka chini ya -100 usifunge hapo.

Kisha mipangilio miwili. Washa «polarity reversal» kwenye getiwei na kwenye tundu la mtambo. Ndiyo ishara inayoujulisha mtambo kwamba upande wa pili umepokea au umekata. Bila hiyo laini hubaki imeshikwa na mteja anayefuata anasikia inatumika. Namba ya mpigaji isipoonekana, linganisha aina ya ishara: FSK pande zote mbili, au DTMF pande zote mbili.

Radi, ethi na umeme

Kuanzia Novemba hadi Aprili, radi huua mitambo mingi zaidi huku kwetu kuliko uchakavu, na mara nyingi haipiti kwenye umeme wa Tanesco. Hupitia waya wa ekstensheni uliotolewa nje kwenda kibanda cha mlinzi. Waya unaovuka kati ya majengo mawili, kama ni wa shaba, uwekewe kinga ya gesi ya volti 230 kila mwisho. Kwa mtambo wa IP vuka kwa faiba na vigeuzi viwili. Kioo cha faiba hakipitishi radi.

Kinga bila ethi (njia ya kupeleka umeme ardhini) ni pambo. Chomeka nondo ya shaba ya angalau mita 1.2, unganisha kwa waya wa kijani-njano wa milimita 6 za mraba, upime kwa kipimo cha ethi: lengo ni chini ya omu 10. Udongo mkavu wa Iringa mwezi Septemba unaweza kukataa, basi ongeza nondo ya pili, umbali usiopungua urefu wa ya kwanza. Kosa linalorudiwa ni kuchimba ethi ya simu peke yake na kuiacha bila kuunganishwa na ethi ya umeme wa jengo. Radi ikipiga jirani, ethi mbili huwa na volti tofauti, na tofauti hiyo husawazishwa kupitia mtambo wako.

Kwa umeme, UPS (kisanduku cha betri ya akiba) ya 650 VA yenye betri moja ya 12 V 7 Ah hubeba mtambo wa IP, swichi, simu nane na ruta, takribani wati 50, kwa dakika arobaini hivi. Ukitaka kutwa nzima, weka inveta na betri ya 100 Ah. Ukitumia nusu tu ya betri unapata karibu saa kumi. Chagua UPS yenye kurekebisha volti, maana umeme unaopanda na kushuka huchosha adapta.

Nyaya na matunzo

Waya wa mtandao usio wa shaba halisi ni balaa ya soko letu. Kwangua kwa kisu: ndani ukiona rangi ya fedha, ni alumini iliyopakwa shaba. Hupata moto ukipitisha PoE na hukatika kwenye vichwa. Boksi la mita 305 la shaba ni zito mkononi, jepesi lirudishe.

Rungwe na Tukuyu unyevu huotesha kutu ya kijani kwenye viungio. Mtambo ufungwe ukuta wa ndani, usawa wa mita moja na nusu, kamwe si chini ya dirisha. Oktoba kila mwaka, kabla ya mvua, kaza skrubu za ethi, futa vumbi la kiangazi, chomoa UPS dakika ishirini uone inavyobeba. Betri ikizidi miaka mitatu badilisha bila kusubiri ifie. Kila laini, hata ya akiba, ipigiwe mara moja kwa mwezi, kwani laini iliyolala hufungiwa.

Fundi asilipwe salio la mwisho kabla hajakukabidhi nywila zote, nakala ya programu kwenye flashi, na karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati ikionyesha tundu lipi linakwenda chumba kipi. Kisha mwambie mlinzi apige mapokezi, mapokezi wahamishie stoo, stoo wapige nje, huku umeme umezimwa.