Winchi ya haidroliki ya tani 9 kwenye brekidauni yangu: miaka miwili ya Mlima Kitonga

Ninaendesha gari la kuvuta magari yaliyoharibika, au brekidauni kama tunavyoliita, katika barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, na kazi yangu nyingi iko kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula, pale barabara inapoupanda Mlima Kitonga. Miaka miwili iliyopita niliiondoa winchi ya umeme, ambayo ilikuwa ikimaliza betri kila kazi ilipokuwa ndefu, nikafunga ya haidroliki yenye uwezo wa tani 9 na waya wa milimita 16. Hukumu yangu naitoa mapema: winchi yenyewe ni nzuri na ningeinunua tena, lakini namna ilivyofungwa ilinisumbua miezi minne, na usumbufu huo ndio ninaotaka kuueleza.

Winchi ya aina hii haina uhusiano na betri. Kifaa kiitwacho PTO huchota nguvu kwenye giaboksi na kuzungusha pampu, pampu husukuma oili hadi kwenye mota, na mota huzungusha ngoma inayokunja waya. Maadamu injini inaunguruma na oili haijapata joto kupita kiasi, unaweza kuvuta nusu saa bila kupumzika. Mnunuzi ajue, hata hivyo, kwamba tani 9 zilizoandikwa kwenye kibati ni za tabaka la kwanza la waya, lile linalolala moja kwa moja juu ya ngoma, na kila tabaka linaloongezeka hupunguza nguvu hiyo. Siku Fuso iliyojaa matenga ya nyanya kutoka Ilula ilipoangukia mtaroni, nilisimama karibu mno, waya mwingi ukabaki kwenye ngoma, na winchi ikakwama. Nilisogea mbele, nikatoa waya zaidi na kuupitisha kwenye kapi, ambalo huongeza nguvu karibu mara mbili huku likipunguza mwendo kwa nusu, na gari likatoka taratibu.

Tatizo lenyewe lilianza mwezi wa tatu. Asubuhi winchi ilivuta vizuri, lakini baada ya robo saa ya kazi ngoma ilianza kwenda kwa kushtukashtuka, pampu ikawa inalia kama inasaga changarawe, na oili kwenye tangi ikageuka rangi ya maziwa yenye povu. Fundi wa kwanza alisikiliza sekunde chache tu akasema pampu imekufa, akanitajia bei ambayo ilinifanya nifunge boneti na kuondoka. Wa pili alikaza valvu ya kudhibiti presha bila kupima chochote, jambo ambalo sasa nalihesabu kuwa la hatari, kwa sababu valvu hiyo ndiyo inayookoa mipira ya kupitishia oili na waya pale mzigo unapozidi.

Aliyenisaidia ni fundi mzee wa matrekta, ambaye kabla ya kugusa spana aliniuliza swali moja: winchi inakwenda polepole, au inakosa nguvu? Alinieleza kwamba mwendo wa ngoma hutokana na wingi wa oili inayopita, na nguvu ya kuvuta hutokana na presha. Kwa hiyo winchi inayozunguka vizuri ikiwa tupu lakini ikasimama inapopata mzigo ina shida ya presha, na inayokwenda polepole hata bila mzigo inakosa oili ya kutosha. Yangu ilikuwa ya pili. Akafunga geji kwenye njia ya presha, na mshale haukushuka na kutulia, bali ulitetemeka mfululizo. Alisema hiyo ni dalili ya hewa, na hewa huingilia upande wa kunyonya, yaani kati ya tangi na pampu.

Nilimbishia, kwa kuwa hapakuwa na hata tone la oili chini ya gari. Akacheka, akasema mpira wa kunyonya ukiwa na kasoro hauvujishi oili nje, unavuta hewa ndani. Tulilala chini ya chesi na tochi, utingo wangu akaongeza mwendo wa injini, na hapo nikaona kwa macho yangu mpira unaotoka tangini ukinywea na kuwa bapa kama ulimi wa ng'ombe, huku mapovu madogo yakitoka na kurudi kwenye klampu yake. Waliofunga winchi walitumia mpira wa kawaida usio na waya ndani. Ukiwa baridi ulivumilia, na ulipopata joto ulilainika na kufyonzwa. Tuliweka mpira wenye waya, klampu mbili kila upande, filta mpya, na oili namba 68 badala ya namba 32 niliyouziwa, ambayo kwa joto la Ruaha Mbuyuni ilikuwa nyepesi mno. Pampu iliyotangazwa kufa ndiyo ninayoitumia hadi leo.

Tangu hapo matunzo yangu hayana mengi. Naangalia rangi ya oili kabla ya kila safari, nabadilisha filta kila baada ya miezi sita, na PTO siichomeki kabla gari halijasimama kabisa. Mpira wa presha siupapasi kwa mkono kutafuta tundu, kwa sababu oili ya presha hupenya ngozi. Natumia kipande cha boksi. Waya ndio unaonichukulia muda: kila mwezi naukunjua wote, isipokuwa mizunguko mitano ya mwisho inayoushikilia kwenye ngoma, naufuta, naupaka mafuta, kisha naukunja upya ukiwa na mzigo kidogo, maana waya uliokunjwa ukiwa legelege hujichimbia katikati ya matabaka siku ya kazi nzito.

Kasoro ninayoendelea kuivumilia ni ya kiwandani. Nipeli, yaani kichwa cha kuingizia grisi, ya klachi inayoachia ngoma imewekwa upande wa ndani, mahali ambapo bomba la grisi halifiki bila kufungua bamba la kinga lenye bolti sita, na klachi isipopata grisi huwa ngumu kiasi kwamba utingo huilazimisha kwa nyundo. Nimeagiza nipeli ya kona kutoka Iringa, na ikifika nitatoboa bamba hilo mwenyewe.