Fiksativu ya marashi: ipi ununue kwanza?

Ukiwa unachanganya marashi mwenyewe, mafuta ya kupima na spiriti, swali la kwanza la kila mteja ni hili: "Yanakaa?" Chembe za limau na chungwa ni nyepesi, hupaa mapema. Chembe nzito hazina haraka, na zikikaa pamoja na nyepesi huzichelewesha kidogo. Ndiyo kazi iliyofanywa zamani na ambari ya nyangumi na zabadi ya ngawa. Siku hizi viungo hivyo vya kushika harufu, yaani fiksativu, hutengenezwa viwandani.

Nasisitiza "kidogo". Hakuna fiksativu itakayofanya limau linukie mpaka Isha. Harufu unayoisikia kwenye kanzu jioni, kwa sehemu kubwa, ni ya fiksativu yenyewe, kwa hiyo nunua ile unayoipenda.

Ya kwanza kwangu ni Ambroxan, wala sisiti. Ni punje nyeupe, nyingi hutokana na sklareoli, kiungo cha mmea wa sage, na harufu yake ndiyo ile ya ambari: kavu, ya joto, yenye chumvi kwa mbali. Bei ya gramu ni kubwa ukilinganisha na nyingine, ila inatumika kidogo mno. Yeyusha gramu 1 kwenye gramu 9 za spiriti. Chupa ya mililita 30 ninaitilia mililita 1 ya mchanganyiko huo, basi. Niliwahi kuchovya vipande viwili vya karatasi kwenye mafuta ya asumini, kimoja yakiwa matupu, kingine yakiwa na Ambroxan. Asubuhi ya pili kile kitupu kilinuka karatasi. Kile kingine asumini lilikuwa limefifia, lakini chini yake palibaki utamu mkavu kama wa nguo iliyofukizwa udi juzi.

Ya pili ni Galaxolide, miski safi ya nguo zilizofuliwa. Ni rahisi kuipata na inapatana na maua yote. Ni nzito kama asali, kwa hiyo mara nyingi huuzwa ikiwa imezimuliwa. Uliza imezimuliwa kwa kitu gani na kwa kiasi gani. Kasoro yake ni kwamba wapo watu ambao pua zao hazisikii miski ya namna hii kabisa. Mnusishe mtu mwingine kabla hujaongeza.

Iso E Super naiweka ya tatu. Ni harufu ya mbao, laini, inayopotea puani na kurudi. Marashi ya Molecule 01, yaliyotoka mwaka 2006, yamejengwa kwa kiungo hiki peke yake. Kwa mafuta ya udi na sandali ni nzuri sana. Kwa mawaridi matamu mimi huiacha.

Benzili benzoati ni ya nne: karibu haina harufu, bei yake nafuu, na huyeyusha viungo vigumu. Ndiyo ile ile iliyomo kwenye dawa ya upele, lakini usichukue ya duka la dawa, maana hiyo mara nyingi imechanganywa na maji na itaharibu marashi. Ngozi nyingine huikataa, na Ulaya ikizidi kiwango fulani lazima itajwe kwenye lebo.

Ya mwisho ni dipropilini glikoli, yaani DPG. Hiki ni kizimulio zaidi kuliko fiksativu. Kinapunguza kidogo kasi ya kupaa, na hakiachi chochote cha kunusa.

Na hapa ndipo watu wanapoibiwa. Niliwahi kuuziwa kichupa kisicho na lebo, nikaambiwa "hii fiksativu kali, ya Ulaya". Nyumbani nikadondosha matone matatu kwenye glasi ya maji, yakayeyuka yote. Benzili benzoati ingezama chini kama ushanga. DPG ndiyo huchanganyika na maji namna ile. Nililipa bei ya miski kwa kizimulio, na mwezi mzima wateja wangu walilalamika.

Kwa hiyo dai jina la kiungo na kiasi kilichozimuliwa, viandikwe kwenye chupa. Anza na gramu 5 tu. Ukishachanganya, iache chupa kabatini wiki mbili ndipo uinuse.