Uluguru au Amani: wapi pa kupanda mlima na watoto?

Likizo za shule zikikaribia, wazazi wa Dar huulizana hili. Kwa muda na nauli, Uluguru inashinda wazi: treni ya SGR, iliyoanza 2024, inawafikisha Morogoro kwa takriban saa mbili, na asubuhi hiyohiyo mko njiani kuelekea Morningside, jengo la zamani la Wajerumani juu mlimani. Ila njia ile ni mwinuko mtupu, jua la mashambani ni kali, na mtoto wa miaka mitano ataomba kubebwa. Anzeni mapema.

Amani, hifadhi ya msitu katika milima ya Usambara Mashariki mkoani Tanga, ni mbali: basi hadi Muheza, kisha barabara ya kona za mlimani, ambayo masika huigeuza utelezi. Lakini kwa miguu midogo naipenda zaidi. Mnatembea kivulini, mnapita bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani 1902, na mtoto anaweza kuchuchumaa muda mrefu akimtazama kinyonga anavyozungusha jicho moja huku lingine limetulia. Lazima mlale huko, kwa hiyo gharama inapanda.

Kote wekeni fungu la kiingilio na la mwongozaji. Mwenye siku moja na vijana wenye pumzi, Uluguru. Mwenye wadogo na siku tatu, Amani.