Programu ya biashara ya vijana hapa Malindi: nimewapa nyota tatu, wangengoja maembe ningewapa tano

Naulizwa sana na wazazi, wa huku Barani na hata wa Maweni, eti khalti ile programu ya biashara ya watoto wa sekondari ni ya maana ama ni zile za kupiga picha na kugawa tisheti, na kwa vile tangazo la awamu nyingine limeshabandikwa shuleni nimeona heri niandike mara moja niwache kurudia rudia dukani huku wateja wamenisimamia. Jina la programu silitaji, la shule wala la chuo pia silitaji, waliokuwemo wanajijua na wengi ni watoto wa watu tu walikuwa wanajaribu.

Mie nauza achari, mabuyu na jioni viazi vya karai, mwaka wa 14 huu. Niliingizwa na mtoto wa dadangu, alikuwa kidato cha tatu mwaka jana 2025. Mpango wenyewe ulikuwa hivi: kila shule inatoa kundi la watoto watano, chuo kikuu kinatoa wanafunzi wawili wa kuwaongoza, na mtaani anatafutwa mtu mmoja mwenye biashara yake, huyo wakamwita mlezi. Ndio mie. Malipo hakuna, nauli ya tuktuk waliahidi na ilikuja mara mbili. Mzazi halipi kitu. Kuanzia mwezi wa tano mpaka mwisho wa mwezi wa kumi, kila Jumamosi.

Siku ya kwanza wale wa chuo walikuja na laptopu, msichana mmoja anasomea mambo ya biashara mwaka wa tatu na kijana mmoja mwaka wa pili, wana adabu zao, shikamoo mama, marahaba, wakakaa kwa lile benchi langu. Kijana akafungua laptopu akaniuliza mama mteja wako lengwa ni nani, nikamwambia mwenye shilingi kumi. Akaandika! Halafu akauliza na mshindani wako, nikamwambia yule pale ng'ambo ya barabara lakini usimwangalie sana atajua tunamsema. Watoto wakacheka mpaka basi, na mie nikajua hapa tutaelewana.

Jambo la kwanza lililonifurahisha ni hisa. Mwanzo watoto hawakupewa pesa mkononi, waliambiwa waanzishe kampuni yao ndogo, wachague mwenyekiti, mweka hazina, mtu wa kuuza, halafu wauzie watu hisa za shilingi 50, na mwisho wa programu kampuni ifungwe, hesabu isomwe, wenye hisa warudishiwe chao na faida kama ipo. Msichana wa chuo alitueleza huu mtindo si wa jana, huko Marekani Junior Achievement ilianza 1919 kufundisha watoto biashara na mpaka leo mtoto anafungua kampuni ya kweli ya muda mfupi kisha anaifunga. Mie nikasema mbona huo ni kama mchezo wetu wa kina mama, wa kuchanga, tofauti ni kwamba mchezo hauna cheti. Basi watoto wakauza hisa 40, shilingi 2,000, walimu walinunua, mama wa mahamri alinunua mbili, na bibi ya mmoja wa watoto alinunua moja akasema asipoona 50 yake atakuja shuleni na bakora.

Sasa biashara gani. Watoto walitaka achari ya maembe kwa sababu ndio wanayoniona nayo na ndio inayoenda, wageni wananunua, watu wa Nairobi wakirudi kwao wanabeba chupa tano tano. Wallahi walikuwa na akili. Lakini mwezi wa tano Malindi embe la kutia achari utalitoa wapi? Ngowe na boribo huku zinaanza kujaa sokoni kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa pili hivi, mwezi wa tano ni masika, mvua, kusi inavuma, na hata ungeyapata kwa bei ya kuua, jua la kuanika liko wapi. Na wageni wenyewe hawapo, kuanzia mwezi wa nne mahoteli mengi yamefunga, Wataliani wamerudi kwao, mji umelala. Nilimwambia mkuu wa programu siku hiyo hiyo, bwana huu si msimu, akasema mama kalenda imeshapangwa. Nishike hapo nitarudi.

Tukaenda kwa mabuyu kwa sababu mibuyu huku kwetu haina shida, ukishuka Ganda ama ukienda njia ya Gede unaiona tu imesimama, na ubuyu mkavu unapatikana hata nje ya msimu. Jumamosi ya kwanza ya kupika ndio siku nitaikumbuka. Sukari ya mabuyu haitaki haraka na haitaki simu mkononi, unaichemsha na maji kidogo mpaka ukiinua mwiko inavuta uzi, ndio unatia rangi, iliki, arki, pilipili, halafu ubuyu unaingia wote kwa mpigo na unageuza bila kusimama mpaka sukari ikaukie juu ya mbegu. Ukisimama inashika sufuria. Walisimama. Kijana wa chuo alikuwa anawapiga video na kila mtu akageuka kutazama kamera, nusu ya sufuria ikawa jiwe moja jekundu, tulilivunja na nyundo ya nazi, vipande tukavipakia hivyo hivyo na vikauzika, watoto wa msingi walivipenda zaidi kuliko mabuyu yenyewe.

Jioni yake wakapiga hesabu, na hapa ndipo naona programu ilipata thamani yake yote, kama hamsomi pengine someni hapa. Mweka hazina, kasichana kadogo hakasemi sana, akaandika: ndoo ya ubuyu 600, sukari kilo tatu 450, rangi na iliki na arki na pilipili 150, jumla 1,200. Pakiti 160 za shilingi kumi, 1,600. Faida 400! Makofi. Wakaanza kugawana kwa mdomo, huyu anataka viatu.

Nikawauliza makaa ni ya nani. Kimya. Makaa 100. Na pakiti za kufungia nilizitoa mie, hizo nazo 100. Na boda ya kuleta ndoo? 100 nyingine. Imebaki 100, kwa watu watano waliosimama motoni tangu asubuhi, shilingi ishirini ishirini. Nyuso zikaanza kushuka. Msichana wa chuo akasema hebu tuhesabu pakiti zilizouzwa kweli, si zilizofungwa. Zilizouzwa 148. Kumi na mbili zimeenda wapi? Kila mtu anamtazama mwenzake na midomo yote miekundu, na kijana wa laptopu mwenyewe mdomo mwekundu kuliko wote, alikula tatu. Yaani mauzo 1,480, gharama 1,500, wamefanya kazi siku nzima ili wapoteze shilingi ishirini.

Hakuna mwalimu wa ubaoni angewaingizia hilo kichwani vile lilivyowaingia. Jumamosi iliyofuata walikuja na mizani, wakapunguza gramu kidogo kwa kila pakiti, wakatengeneza pakiti kubwa ya 20 ya vile vipande vya jiwe, wakaweka sheria anayekula analipa, na msichana wa chuo akawafanyia jedwali kwenye simu la kuandika kila kinachoingia na kutoka. Mie mwenyewe, nisiwafiche, miaka yote hiyo nilikuwa sihesabu makaa. Nilikuwa najua tu mwisho wa mwezi pesa haitoshi. Sasa nahesabu, na bei ya viazi ilipanda wiki ile ile, mkiuliza kwa nini ndio hiyo.

Haya, na ubaya.

Mtaji wa programu, 5,000 kwa kila kundi, uliahidiwa wiki ya pili na ulikuja mwisho wa mwezi wa saba, shule zikiwa zinafunga. Wasingekuwa na zile hisa wangekaa miezi miwili kuchora mabango. Halafu pesa ilitumwa kwa simu ya mtu mzima mmoja wa upande wa shule kwa sababu watoto hawana kitambulisho na laini haziko kwa majina yao, na mtu mzima huyo akawa kasafiri, siku tisa simu haipatikani. Hakula, ilirudi yote, lakini siku tisa kwa mtoto wa miaka 16 aliyeahidi wateja ni mwaka. Baadaye tukafungua Pochi la Biashara, ile ya M-Pesa ya kupokelea pesa za biashara ndogo, kwa laini yangu, ya watoto iwe mbali na ya dukani kwangu, na mweka hazina anaona kila ujumbe. Hilo lingefanywa siku ya kwanza.

Kuna Jumamosi waliletewa mgeni wa kuwaeleza mikopo. Akaeleza Hustler Fund, ule mfuko wa mikopo wa serikali, vizuri tu, ilivyozinduliwa Novemba 2022, kwamba unaanza hata na shilingi 500, na akaeleza zile tenda za serikali asilimia 30 zilizotengewa vijana, kina mama na watu wenye ulemavu. Mambo mazuri, mie nilifaidika, lakini chumba kizima ni watoto wa miaka 16 na 17, mkopo unataka kitambulisho, tenda inataka biashara iliyosajiliwa, na hawa wana ndoo moja ya ubuyu. Kile walichokihitaji siku ile hakuna aliyewaambia, kwamba ukitaka kuweka kitu cha kula kwa rafu ya supamaketi utaulizwa alama ya KEBS, wale wa viwango vya ubora, na cheti cha afya cha wanaopika. Walienda wenyewe kwa supamaketi moja na pakiti zao wamezibandika jina zuri, wakaulizwa hayo mlangoni, wakarudi wamenyamaza. Nilimuuliza mkuu wa programu akasema hiyo iko kwenye somo la mwisho. Somo la mwisho!

Wale wa chuo. Msichana namsifu mpaka kesho. Lakini chuo kilifungua mwezi wa tisa na wote wawili wakaondoka, nauli kutoka huko kila Jumamosi ni pesa na programu haikuwawekea, wakabaki kwa grupu la WhatsApp. Kijana alikuwa anatuma dole gumba. Msichana alikuwa anapiga simu usiku kukagua lile jedwali, hilo ni moyo wake tu si mpango wa mtu. Kama mnasema mnaunganisha shule, chuo na mtaa basi jueni chuo kinafunguliwa lini, si siri hiyo. Mwezi wa tisa na wa kumi tulibaki mie na watoto na mwalimu mmoja mwenye roho safi ambaye pia alikuwa ana watahiniwa.

Sherehe ya kufunga ilikuwa nzuri, hema, pilau, hotuba nyingi, tisheti zilikuja (saizi moja, kubwa, zimewafaa baba zao). Kundi letu halikushinda, lililoshinda lilikuwa na wazo la programu ya simu ambayo bado haijatengenezwa. Kundi letu lilisoma hesabu mbele ya watu: baada ya kurudisha ule mtaji na kulipa kila kitu kila hisa ya 50 ilirudi na 61. Bibi alipewa 61 zake mkononi, akazihesabu mara mbili, akasema mwakani anachukua kumi.

Na sasa lile nililoshika. Programu ilifungwa mwisho wa mwezi wa kumi. Wiki mbili baadaye ngowe zikaanza kuingia sokoni kwa magunia. Shule zimefungwa, watoto wako nyumbani mchana kutwa, jua kali, kaskazi inakaribia, mahoteli yanapaka rangi, wageni wa Disemba wako njiani, yaani kila kitu cha kuuza achari kiko tayari, na kampuni imeshavunjwa, akaunti imefungwa, mkuu wa programu yuko kwao anaandika ripoti. Mtoto wa dadangu na mweka hazina walikuja wenyewe, khalti tunaomba uani kwako tuanike. Walianika. Walikata, walitia chumvi, walilinda kunguru kwa zamu siku nne, tukapika pamoja. Disemba peke yake walipata zaidi ya miezi sita yote ya mabuyu, na safari hii makaa yaliandikwa mstari wa kwanza juu kabisa.

Kwa hivyo nyota tatu. Mbili ni za ile hesabu ya jioni, moja ni ya yule msichana. Mzazi mpeleke mtoto, hatapotea, ila mnunulie daftari lake mwenyewe asingoje la programu. Walimu wanasema Gredi ya 10 walioanza Januari 2026 wana lile somo la lazima la kujifunza kwa kuhudumia jamii, na huenda hii programu ikaingizwa humo. Mkutano wa wazazi ukiitwa nendeni, na mkifika mbele ya yule mkuu msimuulize tisheti wala cheti, muulizeni mnafunga mwezi gani. Mie nimeshamuuliza kwa simu. Amesema kalenda iko mbioni kupangwa, nikamwambia basi njoo nikupe kikombe cha chai nikuonyeshe maembe yanaingia lini, uani kuna kivuli.