Kliniki ya ngozi Hurlingham: lipia daktari, achana na kifurushi

Mimi ni mtu wa boda. Steji yangu iko Kawangware 46, Nairobi, na kwa miaka minane uso wangu umeshinda ndani ya helmeti kuanzia alfajiri hadi watu wa mwisho wakishuka matatu za usiku. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo swali nililolipia shilingi 3,500 niulizwe.

Chunusi zilinianza nikiwa na miaka thelathini na moja, kidevuni na kwenye taya, kisha zikapanda hadi kipaji. Kijana wa sekondari akiota chunusi watu husema anabalehe, yanaisha hapo. Mimi nina mtoto wa gredi ya tatu. Pale steji walinibatiza Githeri, kile chakula cha mahindi na maharagwe, na jina likakwama hata kwa wateja. Kuna mama mmoja namsafirisha kila Jumapili kwenda kanisani ambaye hadi leo anadhani ndilo jina langu.

Kabla ya kufika kwa daktari nilikuwa nimepoteza pesa nyingi kuliko alizonitoza yeye. Kemisti ya mtaani iliniuzia vidonge vya antibayotiki vya siku tano bila hata kuniangalia vizuri. Kinyozi akawa ananimwagia spiriti ya bluu kila nikinyolewa, akisema inaua vijidudu. Nililia machozi na chunusi zikabaki palepale. Lakini lililoniharibu hasa ni kopo nililonunua duka moja la vipodozi kule River Road. Halikuwa na jina wala tarehe, limeandikwa "USO" kwa kalamu ya wino mzito. Muuzaji alichanganya krimu mbili tatu mbele yangu kwa kijiko. Wiki mbili za kwanza uso ulilainika mpaka mke wangu akaniuliza naenda kuonana na nani. Nililipaka miezi mitatu. Lilipoisha, na muuzaji hayupo, uso ulilipuka: vipele vya usaha, ngozi inawaka moto, na inang'aa kama karatasi ya nailoni.

Basi, kliniki. Iko ghorofa ya pili, na mwenye pikipiki ajue kwamba askari wa getini atamtuma aegeshe nyuma karibu na mapipa ya taka hata kama nafasi mbele ni tele. Miadi yangu ilikuwa saa nne asubuhi, nikaingia saa sita kasoro. Maji ya kunywa yapo, televisheni inaonyesha watu wenye nyuso ambazo sidhani ziliwahi kuota kitu.

Daktari ni mama wa makamo, mpole lakini hana muda wa porojo. Nilikuwa nimeiweka helmeti juu ya meza yake. Akaiinua, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye sponji ya ndani.

"Baba Shiru, hii unaiosha lini?"

"Mvua ikinyesha, daktari."

Hakucheka. Alichukua risiti yangu, akachora nyuma yake kishimo cha unyweleo. Mafuta ya ngozi yakichanganyika na seli zilizokufa huziba kishimo, bakteria wakastawi mle ndani, pakavimba. Ukiongeza jasho, joto na mkanda unaosugua kidevu kutwa nzima, unazidi kuchokoza pahali palipokwisha kuziba. Ndiyo maana zangu zilifuata mstari wa mkanda kama zimepimwa kwa rula, jambo ambalo miaka yote sikuliona kwenye kioo. Vipele vya shingoni alisema si chunusi kabisa, ni nywele zilizonyolewa chini sana zikajikunja na kurudi ndani ya ngozi. Dawa yake ni kumwambia kinyozi aache kunyoa mpaka chini, na spiriti aiweke kando.

Kuhusu kopo aliuliza tu nililipaka muda gani, akatikisa kichwa. Alivyoona, lilikuwa na steroidi kali. Dawa hizo hutuliza uvimbe haraka, ndiyo maana mtu anapendeza, lakini zikitumiwa muda mrefu usoni hukondesha ngozi na huleta chunusi zenyewe, na ukiacha zinarudi kwa hasira. Aliniuliza pia kama lilikuwa la kung'arisha, maana KEBS, shirika la viwango la Kenya, imekataza zebaki na hidrokwinoni kwenye vipodozi na bado zinauzwa mjini. Sikuwa na jibu. Ningejuaje, kopo lisilo na jina?

Nilimwomba vidonge vikali nimalize kazi. Alikataa kuanzia huko: vile ambavyo angenipa huifanya ngozi iungue na jua kwa urahisi, na mimi kazi yangu ni juani. Akaandika vitu vitatu, akasema ninunue kemisti yoyote yenye mfamasia kama bei yao naiona kali. Hapo alinishinda moyo.

Asubuhi naoshea uso dawa ya benzoili peroksaidi ya asilimia 5, naiacha kidogo kisha nasuuza. Usiku napaka jeli ya adapaleni ya asilimia 0.1, kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima. Mimi nilikuwa nimezoea kutona kila chunusi peke yake kama mtu anayeziba pancha. Wiki tatu za kwanza nilichunika kando ya pua na vipele vikaongezeka. Nikapiga simu nikiwa tayari kudai pesa zangu. Akaniambia nipake usiku mmoja niruke mmoja, na nisihukumu kabla ya wiki kumi na mbili. Jambo moja hakuna aliyenionya: ile dawa ya asubuhi inachujua rangi ya nguo. Foronya za bluu za mke wangu sasa zina mabaka ya rangi ya chungwa, na bado nalipia kosa hilo kwa njia nyingine.

Cha tatu ni krimu ya kukinga jua, kwa ajili ya madoa meusi. Ya kwanza, ya bei nafuu, ilinitoa kama mtu aliyemwagiwa unga wa ugali. Abiria mmoja aliomba kupanda pikipiki nyingine. Ya pili ni ya majimaji, haionekani usoni, lakini kwa shilingi 1,800 naipaka kwa uchoyo, na najua si sawa.

Leo ni wiki ya kumi na nne. Chunusi mpya napata moja au mbili kwa mwezi. Madoa bado yapo, yanafifia polepole mno. Sponji ya helmeti naitoa na kuifua mara mbili kwa wiki, na ndani navaa kitambaa cha pamba ninachobadilisha kila siku. Ile jeli ya kukamulia ng'ombe niliyokuwa napaka usoni kila asubuhi imehamia miguuni.

Sasa kifurushi. Kabla sijafika kwenye ngazi, dada wa mapokezi alishanifungulia daftari la bei: kusafishwa uso kwa mvuke na kuminywa, mara sita, 24,000. Alisema bila hivyo dawa "haitaingia". Nilirudi kwa daktari nikamuuliza mlangoni, akajibu kwa sauti ya chini kwamba si lazima. Kliniki moja, majibu mawili. Tangu siku hiyo nimetumiwa ujumbe wa ofa mara tano, wa mwisho ulipunguza hadi 19,000.

Ukienda, nenda Jumanne saa mbili asubuhi, foleni ni fupi. Helmeti usiiache kwa askari, panda nayo.