Makala moja ya dagaa, majarida mawili: moja lilijibu kwa siku nne, jingine kwa miezi mitano

Naandika kwa ajili ya mwenzangu yeyote wa vyuo vya Mwanza ambaye ana makala mkononi na anasukumwa kuchapisha. Mwaka jana nilipeleka makala ileile kwenye majarida mawili, moja baada ya jingine. La kwanza nalieleza kwa uchungu, la pili kwa shukrani. Sitaji jina la lolote, lakini nitaeleza namna kila moja lilivyonihudumia, ili ukikutana na mfano wake ulijue.

Mimi ni mhadhiri msaidizi. Makala yangu inahusu ukaushaji wa dagaa Igombe, ufukweni mwa Ziwa Victoria hapa Mwanza: wale wanaoanikwa mchangani na wale wanaoanikwa kwenye vichanja vya miti na nyavu. Nilitaka kujua mama akinunua ndoo moja ya dagaa wabichi alfajiri, jioni anabaki na kilo ngapi za wakavu kwa kila njia. Mwezi wa tatu nilikuwa na kurasa 19, na tangazo la kupandishwa vyeo lilikuwa limeshabandikwa ukutani.

Huduma ya kwanza niliipata kwenye steshenari jirani na chuo. Mlangoni, kati ya bei za kudurufu na picha za pasipoti, kulikuwa na karatasi: "Tunachapisha makala majarida ya kimataifa, wiki moja tu." Kijana wa pale aliniambia, "Dada, wewe lete faili, mengine niachie mimi." Bei laki nne na nusu, tangulizi laki mbili. Nikamtumia hiyo laki mbili kwa simu palepale nikiwa nimesimama kaunta. Ilikuwa Alhamisi Kuu, saa kumi na moja jioni.

Jumatatu ya Pasaka asubuhi barua ikaingia: makala imekubaliwa bila marekebisho, baada ya kusomwa na wahakiki watatu, yaani wataalamu wanaopaswa kuipima kabla haijachapishwa. Ilikuwa na muhuri wa rangi ya dhahabu, ikaniita Profesa, ikakosea jina la ukoo wangu. Nami nikafurahi, lazima niseme ukweli. Nikamtumia msimamizi wangu wa zamani wa masters. Jibu lake lilikuwa fupi: "Hongera. Wahakiki wamesema nini?"

Sikuwa na la kumjibu. Nikaandika kwa jarida kuomba maoni ya wahakiki, nikaletewa jedwali la nusu ukurasa. Upya wa utafiti: nzuri sana. Mbinu: nzuri sana. Lugha: nzuri sana. Chini yake sentensi moja ikishauri niongeze marejeo ya karibuni. Usiku ule nikaisoma makala yangu kama si yangu, na kwenye Jedwali la 3 nikakuta jumla ya safu ya pili haikubaliani na namba zilizo juu yake. Kosa la kujumlisha, la wazi kabisa. Watu watatu wangekuwa wamesoma kweli, hata mmoja asingeliona?

Ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya kabla ya kutoa hela. Kuna orodha ya maswali inaitwa Think. Check. Submit., ipo mtandaoni tangu 2015, bure, inasomeka hata kwenye simu ya kawaida. Inakuuliza mambo ya msingi: wewe au wenzako mnalijua jarida hili? Mchapishaji anapatikana kwa urahisi? Limeeleza linahakiki makala kwa njia gani? Ada imeandikwa wazi? Kwenye bodi ya wahariri kuna watu unaowatambua? Lile jarida langu lilianguka karibu kila swali. Lilichapisha uhandisi, teolojia, uuguzi na samaki, vyote kwenye toleo moja. Ada haikuwa imeandikwa popote. Namba ya ISSN ilikuwepo, lakini ISSN ni kama namba ya gari: inalitambulisha gari, haikwambii kama dereva ana leseni. Kwenye bodi nikaona jina la mwalimu wa chuo kimoja cha Afrika Mashariki, nikamwandikia. Alijibu kesho yake kwamba hajawahi kusikia habari za jarida hilo, na kwamba mimi si wa kwanza kumuuliza.

Nikaomba kuondoa makala. Wakadai dola 150 za kuondoa. Bahati yangu sikuwa nimesaini fomu ya kuhamisha hakimiliki wala kumalizia malipo. Niliwaandikia mara tatu kwamba siruhusu kuchapishwa, nikazihifadhi barua zote, wakanyamaza. Kijana wa steshenari akasema hela ikishatumwa hairudi. Laki mbili zimeenda. Kwa mshahara wangu hiyo ni kodi ya nyumba ya mwezi na chenji kidogo.

Naomba tusidanganyane kwamba haya ni ya wanafunzi wasiojua. Mwaka 2013 mwandishi wa habari za sayansi, John Bohannon, alitunga makala ya uongo kuhusu dawa ya saratani itokanayo na laikeni, ule ukurutu unaoota juu ya mawe kama haya yetu ya Mwanza. Aliijaza makosa ambayo mhakiki wa kweli angeyaona mara moja, akaiwekea majina ya kubuni ya watafiti na taasisi za Kiafrika, akaipeleka kwenye majarida 304 ya kusomwa bure. Majarida 157 yaliikubali. Wakati huo mkutubi Jeffrey Beall wa Colorado alikuwa ameshaanza kuorodhesha majarida ya aina hiyo. Orodha yake aliiondoa mtandaoni Januari 2017, na nakala zinazozunguka sasa zimepitwa na wakati, usizitegemee peke yake. Mwaka 2019 mahakama ya shirikisho Marekani iliamuru kampuni moja kubwa ya majarida ilipe zaidi ya dola milioni 50 kwa kuwadanganya watafiti kuhusu uhakiki na ada. Wapo maprofesa walionasa. Kinachoniuma ni kwamba Bohannon alichagua majina ya Kiafrika akijua hakuna atakayeshangaa kutojua vyuo hivyo, na sisi tukikubali njia ya mkato tunawapa watu sababu ya kutotusoma hata tukiandika kweli.

Sasa jarida la pili. Nililipata kupitia AJOL, maktaba ya mtandaoni ya majarida ya Afrika iliyoanza 1998 na ambayo sasa inaendeshwa kutoka Afrika Kusini. Ninachokipenda pale ni kwamba majarida hupimwa kwa utaratibu wa uchapishaji wake na kupewa nyota, kuanzia bila nyota hadi nyota tatu, na ukiuliza nyota zimetokana na nini, vigezo vipo wazi. Nikalitafuta pia kwenye DOAJ, orodha ya majarida ya kusomwa bure iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, mwaka 2003. Baada ya aibu aliyoifichua Bohannon, DOAJ iliyataka majarida yote yaombe upya, na 2016 ikaondoa takriban 3,300 ambayo hayakuomba. Orodha inayokubali kujisafisha namna hiyo naiamini zaidi. Jarida lilikuwa kote kuwili, na ada yake imeandikwa ukurasa wa mbele: hakuna. Si kwamba kutoza ni dhambi, yapo majarida safi yanayotoza, ila bei inapofichwa hadi ukubaliwe, kimbia.

Nikatuma mwezi wa tano. Kwenye barua kwa mhariri nikaeleza kisa chote cha jarida la kwanza, na nikaambatisha zile barua tatu. Nilitetemeka kidogo, maana kupeleka makala moja sehemu mbili kwa wakati mmoja ni kosa. Mhariri alijibu ndani ya siku mbili: asante kwa kusema, tunaendelea.

Halafu kimya. Mwezi wa sita, wa saba, wa nane. Kwenye mfumo wao maneno hayakubadilika: "Iko kwa wahakiki." Hapa ndipo ninapolilaumu. Nililiandikia mara mbili na kupata jibu mara moja tu. Mtu anayesubiri cheo anastahili barua fupi ya kumwambia mhakiki wa pili amejitoa na tunatafuta mwingine, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, nilikuja kuambiwa mwishoni.

Mwezi wa kumi maoni yakaja. Mhakiki wa kwanza hoja sita. Wa pili hoja 23, kurasa tatu nzima. Nilisoma mbili za mwanzo, nikafunga laptopu, nikaenda kusonga ugali. Baada ya chakula nikarudi. Hoja ya kwanza ilikuwa Jedwali la 3, ambalo nilidhani nimelirekebisha. Niliacha safu moja. Hoja ya saba ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Alikuwa ameandika, kwa Kiingereza, maneno ya maana hii: mwandishi anieleze kama dagaa wa mchangani walipimwa kabla au baada ya kuondolewa mchanga.

Nilikaa na swali hilo muda mrefu. Niliwapima kabla.

Jumamosi nikapanda daladala ya Igombe nikiwa na chekeche na mizani ya jikoni. Mama niliyefanya naye kazi tangu mwanzo alikuwa anageuza dagaa kwa ufagio wa chelewa. "Mwangaluka mayu," nikamwamkia. Akaitika, akaniangalia lile chekeche akauliza, "Leo umekuja kupika vitumbua, mwanangu?" Nikamweleza. Hakushangaa hata kidogo. "Sisi tunapepeta kabla ya kupeleka Kirumba. Usipopepeta, mnunuzi pale Mwaloni anaingiza mkono kwenye gunia, anausikia mchanga, anakukata bei." Akanimiminia dagaa wakavu waliotoka kwenye ndoo moja. Tukachekecha pamoja juu ya turubai la buluu. Mchanga uliodondoka ulijaza kikombe cha chai hadi ukingoni, mchanga mweupe, laini, na vipande vya magamba ya konokono. Nikauweka kwenye mizani. Ule uzito wote mimi nilikuwa nimeuandika kama dagaa.

Elewa maana yake. Makala yangu ya kwanza, ile iliyopewa "nzuri sana" tatu, ilihitimisha kwamba kichanja na mchanga vinatoa karibu kilo sawa, kwa hiyo gharama ya miti na nyavu hailipi. Afisa uvuvi angeweza kuisoma akawaambia akina mama wasihangaike na vichanja. Ingekuwa ushauri mbaya wenye jina langu, na muhuri wa dhahabu juu yake.

Sampuli za mwanzo zilishauzwa, ikabidi nipime upya. Mbalamwezi ilikuwa imekaribia, na siku hizo taa za kuvulia dagaa hazifai kitu, mitumbwi inakaa ufukweni. Nikaomba siku 30 zaidi ya 60 nilizopewa, mhariri akakubali siku ileile. Nikapima giza zima lililofuata, safari hii nikichekecha kwanza, na nikaandika pembeni siku zilizonyesha, kwa sababu hoja ya 12 iliuliza dagaa waliolowa mvua na kuuzwa chakula cha kuku nimewahesabu upande gani. Tofauti kati ya njia mbili ikafunguka, kichanja kikaenda mbele waziwazi, na hitimisho nikalifuta lote nikaandika jingine.

Hoja nyingine hazikuwa na uzito huo. Mbili za mhakiki wa kwanza zilinitaka ninukuu makala ambazo, kwa kukisia, ni zake mwenyewe. Nilinukuu moja iliyohusika, ya pili nikaeleza kwa adabu kwa nini haihusiki, mhariri akaniunga mkono. Unaruhusiwa kukataa hoja ya mhakiki ukitoa sababu. Hili wanafunzi wengi hawajui, wanabadilisha kila kitu kwa woga.

Makala ilitoka mwezi wa nne mwaka huu, miezi kumi na moja tangu niitume, na namba yake ya DOI, ile ya kudumu ya kuipata mtandaoni, inafunguka. Tangazo la vyeo lilishapita, nangoja lijalo. Jarida la kwanza silipatii hata nyota moja. La pili nalipatia nne kati ya tano, na ile niliyoizuia ni ya kile kimya cha miezi mitatu.

Wiki mbili zilizopita mhariri yuleyule aliniandikia akiniomba nihakiki makala ya mtu mwingine, inayohusu sangara wa kubanikwa. Hakuna malipo, siku 21. Nimekubali, nimefanya usiku baada ya watoto kulala, kurasa 24, na nimerudisha siku ya 16. Mwandishi simjui jina wala chuo. Swali langu la kwanza kwake nimeuliza kama samaki walipimwa wakiwa na vichwa au bila vichwa, maana Jedwali la 1 linasema hivi na Jedwali la 4 linasema vile.