Vijana na moto wa makusudi: semina au kuwapeleka msituni?
Huku Lindi moto mwingi wa msituni unawashwa na mtu, mara wa kuwinda, mara wa kusafisha shamba, mwingine utani tu wa vijana. Semina ni rahisi, ofisa anakuja anataja Sheria ya Misitu ya 2002, picha, soda, kwisha habari. Ila ukiwapeleka msituni Kilwa na kamati ya maliasili ya kijiji wakati wa uchomaji wa mapema, yaani nyasi zinachomwa kwa mpango ili moto mkali wa baadaye usipate cha kuunguza, Mei-Juni hivi nyasi bado zina unyevu, kijana anajionea moto ukitembea mdogomdogo, ndo anaelewa kwa nini ule wa Septemba, nyasi zimekauka kabisa, unaramba mpaka miche ya mpingo. Gharama ipo, gari, msosi, watu wazima wa kusimamia, lakini mi nachagua msituni, semina wabaki nayo wale wadogo wa msingi.